Fulana Alizozifua Mwanaidi

Usiku kucha Mwanaidi alilala na simu juu ya kifua. Kila ilipotetemeka alikurupuka; mara ni tangazo la mtandao, mara betri inalalamika. Ujumbe wa bintiye Rukaiya haukuja. Alitaka neno moja tu: zimetoka. Maana picha zisipotoka, Jumamosi vijana wa madrasa ya Ruaruke wataingia kwenye maulidi na fulana nyeusi tupu, na mwenye kosa ni yeye, mama mtu.

Rukaiya hakuwahi kuwa mtoto wa kukaa kimya. Alipokuwa mdogo, pale kwao Dimani, alikuwa akichovya ukindu wa mikeka kwenye sufuria ya rangi pamoja na mama yake, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko, na maswali hayaishi.

"Mama, rangi ikishaingia, inatokaje?"

"Ikishaingia haitoki. Tulia, utaimwaga."

Hakutulia. Alipomaliza kidato cha nne alikwenda Dar kwa mjomba wake Yassin, akajifunza kuchapa fulana miaka miwili. Aliporudi alikodi chumba cha kazi Kibiti, nyuma ya stendi, akamwita mama yake. "Inatoka, mama. Njoo uone."

Mwanaidi aliona. Fulana nyingi hubandikwa rangi juu, ukigusa kama nailoni, ukivaa juani kifua kinachemka. Za Rukaiya zilikuwa tofauti. Alichanganya unga wa dawa kwenye rangi ya maji, akaupitisha mchanganyiko kwenye wavu uliowambwa kwenye mbao, na dawa ikazama ndani ya pamba kuula ule weusi wa kiwandani. Alipotaka picha ing'ae alitia unga wa kutosha. Alipotaka iwe kama moshi aliupunguza, weusi ukatoka nusu. Hivyo ndivyo alivyoupata mwezi mweupe wenye wingu linalopita mbele yake. Ukipitisha kiganja, husikii kitu ila nguo.

Lakini dawa ile haionyeshi kazi yake mpaka ipate moto. Fulana iliyochapwa, kabla ya kubanwa kwenye mashine ya joto, ni nyeusi vilevile kama isiyochapwa. Ina unyevu tu, na harufu ya yai viza.

Hapo ndipo Mwanaidi alipoteleza. Jana alasiri umeme ulikatika fulana ishirini zikiwa zimeshachapwa, zimetundikwa kwenye kamba zikingoja moto. Rukaiya akatoka kutafuta jenereta. Mwanaidi, aliyekuwa amemletea bintiye wali, akazitazama zile fulana: mbichi, zinanuka, na ni za kusomea maulidi! Akachota maji, akatoa povu, akazifua zote, akazianika juani.

"Mama, za kwenye kamba ziko wapi?" Rukaiya aliuliza aliporudi.

"Nimekufulia. Nguo za maulidi zinuke hivyo, mwanangu?"

Rukaiya aliketi sakafuni. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Mama, panda boda urudi nyumbani."

Sasa, baada ya sala ya alfajiri, Mwanaidi alikuwa tena juu ya pikipiki ya Nasibu, ameinamia mbele.

"Mama Rukaiya, mbona unanisukuma mgongo? Chombo hiki hakiendi kwa kusukumwa."

"Wewe endesha, Nasibu."

Mlango wa Rukaiya ulikuwa umefungwa. Jirani yake Hadija, fundi cherehani, alikuwa anatoa meza yake barazani.

"Shikamoo, mama. Usigonge. Tangu umeme urudi kajifungia. Dirisha la nyuma kaliacha wazi harufu itoke, ila huku mbele hataki vumbi. Likitua kwenye fulana mbichi, picha inatoka na madoa." Akamtazama vizuri. "Ndo wewe uliyefua?"

"Ndiyo, ni mimi."

Hadija alicheka mpaka akashika meza. "Watu wanaharibu kwa uvivu, wewe mama umeharibu kwa bidii!"

Mwanaidi hakucheka. "Kasema nini juu yangu?"

"Kaniuliza ulitumia sabuni gani. Mimi ningejuaje?"

Mwanaidi akasogea mlangoni, akaweka mdomo karibu na mbao, kama mtu anayesema na mgonjwa.

"Ilikuwa ya mche," alisema. "Nikazisuuza maji mawili."

Ndani kazi ilisimama.

"Mama?"

"Ee, mwanangu."

"Umesuuza kama unatafuta kitu. Dawa yote ilitoka, hakuna hata moja iliyoharibika. Nilizikausha, nazichapa upya."

"Na simu?"

"Imezima. Soketi ni moja, na mashine ndiyo inaila."

"Zimetoka?"

"Zilizopata moto zimetoka. Zimebaki kumi, na mikono imekufa ganzi. Nilikuwa nakufukuza jana, mama, nisije nikakutamkia neno baya. Sikukufukuza moja kwa moja." Sauti ikashuka. "Nani ataninyooshea kitambaa nikiwa navuta rangi kwenye wavu?"

Mwanaidi alibandika sikio kwenye mbao. Akasikia komeo likiguswa. Wakati huohuo lori la mchanga likakata kona kuingia barabara ya vumbi.

"Usifungue!" akapaza sauti. "Rukaiya, usifungue kwanza!"

Alivua kanga ya mabegani, akapiga magoti, akaisokomeza kwenye upenyo wa chini ya mlango, akaikandamiza kwa viganja vyote viwili. Vumbi likampita kichwani, likatua kwenye nyusi. Hadija alikohoa na kulitukana lori. Upande wa pili Rukaiya alikuwa amechuchumaa naye. Mwanaidi alimsikia akihema, karibu kabisa, kimo kilekile.

"Limepita?"

"Bado. Ngoja litue."

Walingoja. Kisha Mwanaidi akaivuta kanga, akaenda kuikung'utia mbali, akajifuta uso, mikono na miguu, akarudi.

"Haya, mama," alimwambia bintiye. "Fungua."

Komeo likavutwa.