Kiwanda Kilichokua kwa Kiingereza

Kiwandani walimwita Kamusi, na mwenyewe alishalizoea jina hilo kiasi kwamba ungemwita kwa jina lake halisi angegeuka kutazama nani anaitwa. Alikuwa amefundisha Kiingereza shuleni hadi koo likamkauka, kisha akapata kazi katika kiwanda cha magodoro, ofisi ya juu, dirisha likitazama ukumbi wa kukatia sponji. Kazi yake kubwa ilikuwa moja tu: kila baada ya miezi kadhaa kuwaandikia taarifa ya Kiingereza wenye kiwanda, waliokuwa ng'ambo, kuwaeleza jinsi mali yao inavyokua.

Ubaya ni kwamba haikuwa inakua. Mashine moja baada ya nyingine zilikuwa zimefunikwa turubai, washonaji walikuwa wakiagwa kila mara, na ukimwondoa paka aliyezaa ghalani juu ya magodoro yaliyokosa mnunuzi, hakuna kilichoongezeka.

"Grow ya kukua tumeshawapa," Meneja alimwambia siku moja, akiegemea mlango na kikombe chake cha chai. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. "Increase ya kuongezeka nayo tumewapa. Wale watu wana macho, mama. Tafuta jipya."

"Kuna rise, bosi. Kupanda."

"Fupi mno. Watadhani tumepanda kidogo."

"Expand je? Kutanuka."

Meneja alilizungusha mdomoni kama pipi. "Eks-pandi. Hilo lina kifua. Liweke."

"Lakini bosi, ukumbi wa nyuma si tumeufunga jana?"

"Mimi nimekuuliza habari za ukumbi? Nimekuuliza kitenzi."

Mwanzoni Kamusi alikuwa akienda nyumbani roho ikimsuta. Baadaye, kusema kweli, alianza kuona fahari. Alijua kwamba climb, kukwea, inapendeza kwa bei, flourish, kustawi, kwa bustani na maduka, multiply, kuzaana, kwa sungura. Aliyoipenda kuliko zote ni soar, kitenzi cha ndege anayepaa, na alikuwa akiihifadhi kama mtu anavyohifadhi nguo ya harusi. Hali ilivyozidi kuwa mbaya ndivyo vitenzi vilivyozidi kwenda juu. Nusu ya washonaji waliobaki walipoachishwa kazi, akaona basi, siku yake imefika. Akaitoa soar.

Jioni ile aliwasimulia nyumbani. Mumewe, fundi redio, alicheka. Mama mkwe wake hakucheka.

"Mkwe wangu," alisema, "kama kiwanda kinapaa hivyo, mbona wewe unarudi na viatu vilevile?"

Jibu kutoka ng'ambo lilikuja upesi. Wenye kiwanda walikuwa wamefurahi mno, wakaamua kumtuma mtu aje ajionee. Meneja aliingia na barua mkononi.

"Umewaambia nini?"

"Kwamba tunapaa, bosi."

"Si ungewaambia tunatambaa!"

Amri ikatoka: turubai zifunuliwe, mashine ziwashwe hata kama hazina kitu, na kila mfanyakazi aje na ndugu zake wavae aproni. Kamusi, uso umemshuka, alimleta mumewe na mama mkwe. Bibi huyo alipewa cherehani karibu na mlango na akaonywa asiongee. Mgeni si atakuwa anazungumza Kiingereza tu? Hapo hakuna wasiwasi.

Mgeni akawa dada mmoja kijana, mwenye miwani na viatu vya kutembelea. Alipita mbele ya mashine zilizokuwa zikinguruma bure, akasimama mbele ya bibi, akainama.

"Shikamoo, bibi."

Meneja alimtolea Kamusi macho.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Umefanya kazi hapa tangu lini?"

"Tangu asubuhi," alijibu bibi, akaendelea kushona.

Dada yule akapita mashine iliyofuata. Alimaliza ukumbi, akanywa chai ya Meneja, kisha akaomba kumwona anayeandika taarifa, peke yake. Kamusi aliingia, akafunga mlango.

"Kumbe ndiwe," alisema dada. "Usiogope, mama. Mama yangu ni mtu wa huku, Kiswahili nimekinyonya kwake. Mimi ndiye ninayezipokea taarifa zako. Nazifupisha, nawapelekea wenye kiwanda. Ile soar yako niliiiba nzimanzima."

Kamusi alimtazama. "Na huko makao makuu, mwanangu, mnakua?"

"Tumehamishiwa chumba cha chini ya ardhi. Nikaandika kwamba tumeota mizizi."

Walicheka hadi wakashikana mikono. Kisha kicheko kikaisha chenyewe, wakabaki wanasikiliza mashine zikizimwa huko chini.

"Nikiandika ukweli je?" Kamusi aliuliza.

"Andika. Nitaupeleka kama ulivyo. Kama watausoma, hilo sikuahidi."

Taarifa iliyofuata Kamusi aliirudia grow, lile neno la watoto wa darasa la mwanzo. Katika Kiingereza neno hilo si kukua tu. Hata mtu anayekonda husemwa hivyohivyo, kwamba anakua mwembamba. Akaandika kwamba kiwanda kimekua kidogo kuliko kilivyokuwa, kumbi zimekua kimya, wafanyakazi wamekua wachache, na waliobaki wamekua wachovu. Hakuna sentensi aliyoitia chumvi. Akampelekea Meneja.

Meneja alipitisha kidole kwenye karatasi, kila mstari akikuta grow ya wakati uliopita. "Grew, grew, grew! Mara zote hizi? Umeishiwa?"

"Ni neno la kawaida, bosi, lakini halichoshi."

Akatia saini.

Kamusi aliishi wiki zile roho juu, akingoja radi. Iliyokuja ni barua ya pongezi: kwa ukuaji huo wa kutia moyo, wenye kiwanda wamekubali kujenga lango jipya, kubwa, la kupitisha malori. Chini ya barua, kwa mkono, dada wa miwani alikuwa ameongeza kwa Kiswahili: "Sikugusa hata herufi. Walipiga makofi."

Kamusi aliikunja barua. Hasira ilimjia, ikapita, ikamwachia kitu kama uchovu wa mtu aliyepiga kelele akakuta nyumba haina watu.

Mafundi walipobomoa lango la zamani, Meneja alipanda ngazi anahema kwa furaha.

"Mama, nipe kitenzi cha lango."

"Widen. Kupanuka."

"Hilo hatujawahi kulitumia!"

"Halikuwahi kuwa kweli, bosi."

Meneja alidhani ni utani, akacheka. Kamusi aliandika sentensi yake, akaisoma mara moja, akachukua mkoba. Nyumbani mama mkwe alimuuliza kama kuna lolote jipya.

"Tumepata lango kubwa, mama."

"La kuingizia nini?"

"La kututolea nje," alisema Kamusi, akavua viatu.