Mto aliofunga bwana yangu nyuma ya kinga ya umeme

Admin, ficha jina langu kabisa, maana bwana yangu naye husoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nina watoto wanne, tunakaa Rugenge hapa Uvira. Bwana yangu ni muuguzi katika kituo cha afya. Tunaishi pia na mama yangu mzazi, ambaye vita vilimtoa Kiringye na magoti yake hayamruhusu tena kutembea mbali. Analala katika nyumba ndogo ya nyuma. Kwetu mwanaume na mama mkwe wanaheshimiana sana: hawali pamoja, hawagusani, wakisalimiana kila mmoja anaangalia chini.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Hata mchele wa dukani naupima tena nyumbani.

Mzungu mmoja wa shirika alipoondoka kwa sababu ya mapigano, alimwachia bwana yangu kinga ya umeme, yaani baiskeli yenye betri na mota ndogo. Wakati huo bwana yangu alikuwa na tumbo kubwa, akipanda kilima kidogo tu anahema. Akaniambia anataka kupunguza mwili na kupata mbio. Nilicheka sana. Nikamwambia, "Sport gani hiyo ya kusukumwa na moteri?" Akanieleza kwa upole kwamba kinga ina vipimo vitano vya msaada wa mota: ataanza na cha tano, kila baada ya wiki chache atashusha, mpaka miguu yake ndiyo ifanye kazi. Betri akawa anaichaji kwa sola yetu, na kila asubuhi kabla ya kazi anashika barabara ya Fizi, anafika Makobola na kurudi.

Baada ya miezi mitatu tumbo lilikuwa limekwisha. Suruali zinamdondoka, uso unang'aa, kilima anakipanda huku anapiga mluzi. Mke mwingine angemshukuru Mungu. Mimi nikaanza kujiuliza anampendezea nani. Mwanaume wa miaka arobaini na sita anapendeza bure?

Siku moja nikaona amefunga mto mdogo kwenye kiti cha nyuma, na pembeni ametia vyuma viwili vya kukanyagia. Nilipouliza alisema ni "kwa mizigo". Mizigo gani inakaa juu ya mto na kukanyaga vyuma? Roho ikaniuma. Alipokwenda kuoga nikapekua mkoba wake, nikapata kijitabu. Kila ukurasa: tarehe, jina la kila barrière, yaani kizuizi cha njiani, dakika alizotumia kutoka moja hadi nyingine. Na chini yake: "Mzigo kilo 52. Msaada 2." Kurasa zilizofuata: "Kilo 52. Msaada 1."

Mimi nina kilo themanini. Sasa huyo wa kilo hamsini na mbili ni nani? Halafu wazo la pili likaja, baya kuliko la kwanza: katika vita hivi, mtu anayeandika dakika za barrière anamwandikia nani? Nilishindwa kula. Nikapiga picha kurasa mbili, nikampelekea chef wa avenue yetu, yaani kiongozi wa mtaa. Nilimwambia amwite tu, amwulize kwa siri.

Hakumwita. Vijana wenye silaha wa barrière walimkamata njiani asubuhi iliyofuata, wakamfunga siku mbili. Alirudi anachechemea, mguu umevimba, kinga imebaki kwa chef; akasema walimnyang'anya kijitabu na kumwuliza kila mara kilo 52 ni nini.

Nikamkanda mguu kwa maji ya moto. Nikamwuliza, "Baba wa watoto, hizo kilo 52 ni nini?" Akasema akiangalia ukuta:

"Ilikuwa mufuko ya mchanga. Mama yako iko na kilo makumi tano na mbili, niliona kwa fiche yake pale kituo. Weye uliona vile tulimuacha mu njia siku tulikimbia vita naye. Minye nilikuwa nahema tu, nikaikala chini, bantu bengine njo balimubeba. Nikasema haitarudilia tena. Zile dakika za barrière nilikuwa napima tu kama nitamufikisha mbali."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia je? Eti nitaikalisha mukwe wangu nyuma yangu, anishike kiuno? Weye ungekataa, na yeye angekufa na haya. Nilisema, siku ya masasi, bantu bakikimbia bunduki, hakuna atakayeuliza."

Ndugu zangu, nililia mpaka akadhani nalilia mguu wake.

Hajui kwamba ni mimi. Anasema aliyemchongea ni jirani yetu fundi cherehani, maana huwa anakaa barazani akimtazama anapoondoka. Ameacha kumsalimia, na anataka na yeye amshtaki kwa vijana wale wale. Fundi wa watu hana kosa lolote. Chef naye ameniita pembeni: "Mama, muntu aliyemushitaki akuje mbele ya bantu, aseme alikosea. Pale kinga itarudia." Yaani nisimame mbele ya avenue nzima, bwana yangu akisikia. Mwanaume aliyepigwa kwa sababu yangu atanibakisha nyumbani? Na siku hizi nikimwona ameninyamazia, nashuku kwamba ameshajua, ananisubiri tu niseme.

Milio ya bunduki imeanza tena kusikika upande wa bonde la Ruzizi. Jana mama aliniuliza kwa nini watu wanafunga mizigo, nikamwambia sijui. Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, siku mukikimbia, minye munifungie mulango kwa inje, bafikiri nyumba haina muntu."

Ninyi mnaosoma, mnitukane kama mnataka, lakini mnijibu leo: nianze kwa nani, kwa bwana yangu au kwa chef?