Daftari la Kuzikwa

Ukimuuliza Hilari, fundi wa kujalidi vitabu mtaani Ng'ambo, amewahi kusafiri mpaka wapi, atakwambia Nzega, tena kwa msiba. Lakini mwache anywe kahawa kwanza. Hapo atakueleza baridi ya milima asiyopata kuikanyaga na vyakula vya miji asiyoijua, kwa sababu hakuna kitabu kinachopita mikononi mwake kikatoka bila kusomwa. Husema lazima ahakikishe kurasa zimefuatana. Uongo mtupu. Ni udaku wake tu, na ndiyo raha yake.

Kwa hiyo Bi Ghadir alipomletea daftari nene la ngozi, lililojaa herufi za Kiarabu mwanzo hadi mwisho, Hilari alikosa amani. Herufi zile hazijui. Bi Ghadir, mama wa miaka sabini na saba, alimweleza kuwa ni dua za marehemu baba yake. Zimekaa juu ya kabati tangu mzee afariki, hakuna aliyethubutu kuzichezea, na sasa mchwa wameanza kuzila. Alitaka ngozi ibanduliwe, ivalishwe msahafu wake. Karatasi atazizika makaburini alasiri hiyo hiyo, kama yanavyostahiwa maandishi ya dini yaliyochakaa.

Hilari alishika kisu, akakiweka chini. Kuzika kitu ambacho hakijasomwa kulimuuma kama jino.

"Bi Ghadir, wewe ulisoma chuo cha Kurani. Nisomee ukurasa mmoja tu, kisha nitabandua."

Bibi akasema kusoma atasoma, ila maana asimuulize, kwani utotoni walifundishwa kutamka tu. Akaomba maji. Akatawadha pole pole pale uani, akaweka ushungi sawa, akaanza kwa sauti ya ibada:

"Leo tumevuka Malagarasi. Kiatu cha kushoto kimekufa."

Akarudia. Hilari akacheka, kisha akajuta, maana bibi alikuwa amelisogeza daftari karibu kabisa na macho. Kilikuwa Kiswahili kitupu, kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika watu wa zamani. Bibi akaendelea kusoma; dua haikuwamo hata moja. Mzee alikuwa akinunua nta na asali vijijini, akifuata kwa miguu njia ya misafara kwenda Ujiji, na kila jioni aliandika yaliyomfurahisha: uyoga aliokirimiwa kwa ugali wa mtama, ndege aliyemfuata kutwa, mwenyeji aliyekoroma mpaka mbuzi wakaamka.

Hilari akavuta kigoda karibu. Kisu alishakisahau.

"Alifika Ujiji?"

Bibi akafunua kurasa, kidole kikikimbia juu ya mistari, mpaka kikasimama. Safari hii alisoma kwa sauti yake ya kawaida.

"Barua imenikuta Uvinza. Amezaliwa binti, wanauliza jina. Jana, baada ya kiu ya siku mbili, tulikuta dimbwi la maji safi. Marehemu babaangu, kwa Kiarabu chake, angeliita ghadir. Binti aitwe hivyo. Sijui ana sura gani, na roho haitulii. Kesho nageuza. Ujiji haitahama."

Bi Ghadir alilikumbatia daftari lile kifuani, vumbi na mchwa wake, machozi yakimtiririka bila aibu.

"Miaka hamsini namfuta vumbi tu," akasema. "Kumbe babaangu ananisimulia."