Faili la Grace na Walter: watoto wa Kiarapaho niliowatenganisha kwa kubonyeza mara moja

Wakuu, salamu kutoka Ilford, London. Leo mvua imetupumzisha, kwa hiyo nina furaha na nina muda.

Hiki ni kisa changu cha kazini. Sijaongeza chumvi. Majina ya watu nimebadilisha, na wale wa "weka picha" mnisamehe mapema.

Kazi yangu ni data entry. Najua nyumbani mkisikia mtu yuko London mnawaza suti na ofisi ya vioo. Mimi nakaa kwenye kampuni ndogo karibu na Stratford, juu ya duka la mazulia, nasoma karatasi za zamani zilizopigwa scan na kuziandika upya kwenye kompyuta. Basi.

Mwaka huu tulipata kazi kutoka Marekani. Rekodi za boarding school moja ya zamani, zile shule walizopelekwa watoto wa wenyeji wa Amerika wakanyolewe nywele na kukatazwa lugha yao. Fungu langu lilikuwa watoto wa kabila la Arapaho.

Mke wangu aliwaambia majirani nashughulikia "mafaili ya Wahindi Wekundu". Mmoja akaniuliza kama nimehamia Southall, mtaa wa Wahindi wa India hapa London.

Kila mtoto ana kadi. Jina la Kizungu alilopewa shuleni, umri, uzito, jina la baba. Nyuma ya kadi, mara chache, kuna barua.

Wakuu, siku za mwanzo chakula cha mchana nilikuwa nakirudisha nyumbani. Mtoto wa miaka tisa kapimwa uzito kama gunia. Iliniuma, na bado inaniuma.

Sasa kosa lenyewe.

Mwongozo wetu unasema watoto wenye baba mmoja waunganishwe faili. Baba tofauti, bonyeza "hakuna uhusiano", songa mbele.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Kiarapaho huko Wyoming, nitamwita Bi Loretta. Aliomba karatasi zote za babu yake, Walter, na za Grace, dada wa huyo babu. Kwao walisimuliwa kwamba ndugu hao walipanda treni pamoja kwenda shule, Walter akarudi, Grace hakurudi. Hakuna aliyejua aliishia wapi. Bi Loretta ni mtu mzima sana, na alitaka kujua kabla hajafumba macho. Ombi lake lilikuwa linafungwa Ijumaa.

Jumanne nikampata Walter. Nikampata na Grace mmoja, umri unafaa, wamefika shule siku moja. Lakini baba wa Walter ana jina lake, baba wa Grace ana jina lingine kabisa.

Nikabonyeza "hakuna uhusiano", faili likajifunga kabla sijafika nyuma ya kadi. Nikaenda kunywa chai, roho kwatu.

Jioni hiyo binti yangu Zainabu, miaka kumi, alikuwa na homework ya kuchora family tree. Kiswahili anasikia, kujibu ni Kiingereza tu. Tukampigia video call baba mdogo wangu Shabani, Muheza, asaidie majina ya wazee. Tulipokata simu Zainabu akaniuliza:

"Dad, Babu Shabani is your uncle. Why do you call him Baba?"

"Kwetu mdogo wake baba ni baba. Baba mdogo."

"So you've got two dads?"

"Ndiyo, mama. Wawili."

Nikabaki na chapati mkononi. Wawili!

Hapa niwaeleze kidogo. Baba yangu mzazi, Hamisi, alikuwa akifanya kazi mbali. Baba mdogo ndiye aliyenishika mkono kunipeleka darasa la kwanza. Mwalimu akauliza jina la baba, akataja lake. Nilipokuja kuhangaikia karatasi zangu huku, cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi, cha shule kinasema Shabani. Nikaonekana tapeli. Nilihangaika miezi mingi, na baba mdogo alipojua aliniomba msamaha. Kila tukiongea, anaomba tena.

Mimi mtu wa hivyo ndiye niliyewatenganisha Walter na Grace kwa sababu ya jina la baba. Niliona aibu, wakuu.

Asubuhi nikamkimbilia supervisor wetu, Mama Harbans, Mpunjabi mzaliwa wa Kisumu.

"Wewe Rajabu, hapa hakuna ku-guess," akasema. "Andikia huyo mama, muulize. Akisema ndio, hiyo file nitafungua mimi mwenyewe."

Nikaandika. Jibu lilikuja mchana. Bi Loretta alisema kwao kaka wa baba ni baba, hakuna neno la pembeni. Jina lile lingine analijua tangu utotoni: ni kaka wa baba yake Walter. Watoto walikulia kwa wote wawili.

Mama Harbans akafungua.

Nyuma ya kadi ya Grace kulikuwa na barua mbili. Ya kwanza ya kitoto, ya kwenda nyumbani, na shule haikuituma. Anasema Walter hajambo, usiku analia kidogo, na yeye humwachia mkate wake. Mama Harbans alivua miwani akaifuta muda mrefu.

Ya pili kaiandikia shule akiwa mtu mzima. Ameolewa, kataja jina la mume na mji wanakoishi. Anauliza mdogo wake alipelekwa wapi. Hakuna alama kwamba alijibiwa.

Zote zilienda Wyoming Alhamisi.

Wiki chache baadaye ikaja picha. Bi Loretta amekaa na mwanamke mwingine mzee, mjukuu wa Grace, aliyempata kwa jina la mume na mji ule wa kwenye barua. Pua ile ile, wakuu. Nimeiangalia picha ile mpaka Mama Harbans akanifukuza nikafanye kazi.

Nilichojifunza: fomu inauliza swali moja, na mtoto anajibu ukweli wa kwao. Kabla hujabonyeza kwamba watu si ndugu, waulize wenyewe.

Jumapili nikampigia baba mdogo nikamsimulia yote, barua, picha, baba wawili.

Kisha akasema, "Kwa hiyo siku ile kwa mwalimu sikukosea."

"Hukukosea, baba."

Mara hii hakuomba msamaha. Aliuliza tu huku kuna baridi kiasi gani.

Haya, uwanja ni wenu. Kama nawe ulipelekwa shule na baba mwingine, tuandikie hapa majina yao wote wawili.