Kinoo Kilichonyweshwa Samli

Komora Abdulsalam alizaliwa Ndera, akahamia Garsen, kando ya mto, akiwa kijana, na kazi yake ilikuwa kuchonga mitumbwi. Nilimfahamu mwaka 1954, nilipopelekwa huko kufundisha. Hakupokea kitu, hata kata ya maji, bila kusema, "Nimepata, alhamdulillahi." Siku hizi watu hupokea huku wakichungulia kama mwenzao kapewa zaidi. Komora hakuwa hivyo, ingawa mwaka ule alijaribiwa.

Mtumbwi wake ulikuwa umepasuka. Mpunga wake ulikuwa ng'ambo ya mto, tayari umeiva, na mvua za bara zilikuwa zimekwisha kuanza. Mto ukijaa kabla hajavuka, chakula cha nyumba yake kingekwenda na maji. Basi alikuwa akichonga mtumbwi mpya kutoka gogo gumu lililomaliza makali ya tezo kabla ya adhuhuri.

Tegemeo lake lilikuwa kinoo. Kazungu, fundi wa mitambo pale kivukoni, alimpa kipande cha gurudumu la kunolea lililovunjika, cheusi, kinachometameta.

"Hili si jiwe la mlimani, mzee," Kazungu alimweleza. "Ni mchanga na makaa, vimepikwa pamoja kwa moto wa umeme mpaka vikawa kitu kimoja. Punje zake ni ngumu kuliko tezo lako, na zimeshikanishwa kwa udongo wa kuchomwa. Kati ya punje mna vitundu. Humo ndimo unga wa chuma unamoingia. Moto haliuogopi. Usiliangushe tu, litavunjika kama sahani."

Komora alikivisha kitambaa, na kila alipotaka kunoa alikinywesha maji kwanza.

Jirani yake alikuwa Gumato, mke wa Dukicha; walikuwa wafugaji wa Kiorma. Mwaka uliotangulia mwanawe Halkano aliugua sana, na Komora alimvusha mto uliofurika hadi zahanati, mtoto akapona. Tangu hapo Gumato hakupita bila kuacha maziwa. Kwao kitu kipya cha nyumbani hupakwa samli ili kiwe na baraka. Asubuhi moja Komora alirudi kutoka kukata fito, akakikuta kinoo kimelala juani, kinang'aa.

"Nani amegusa hiki?"

"Mimi, Baba Arafa," Gumato alimjibu, akimwita kwa jina la mtoto wake, huku akifuta mikono. "Hii jiwe inakula chuma kila siku, hakuna mtu anaipa chakula. Nimepaka samli, imekunywa yote! Ilikuwa na njaa sana."

Komora alijaribu tezo. Liliteleza kama juu ya sabuni. Vitundu vyote vilikuwa vimejaa mafuta. Alifungua mdomo aseme neno zito. Kisha akakiona kibuyu cha Gumato, kitupu kabisa. Malisho yalikuwa yamekauka, ng'ombe hawakuwa na maziwa ya kutosha, na samli ile ilikuwa ya watoto wake.

"Nimepata," alisema, "alhamdulillahi."

Gumato alipoondoka, mkewe Komora, Esha, alicheka. "Leo hiyo alhamdulillahi imekukwama kooni kama mwiba wa kambare!"

"Cheka tu, Mama Arafa. Mto unapanda." Alikisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa maji ya moto. Kikazidi kuteleza.

Esha alikuwa mfinyanzi. "Si ulisema kimezaliwa motoni? Chungu changu kikinywa mafuta nakirudisha motoni, kinatoka kikavu."

"Kikipasuka?"

"Na sasa kinakufaa nini? Kusugulia miguu?"

Alikipasha moto polepole pembeni mwa makaa, kama afanyavyo vyungu vyake, kisha akakifunika kwa pumba na mavi makavu ya ng'ombe, akawasha. Harufu ya samli ilijaa uani, majirani wakauliza kuna karamu gani. Hakuruhusu kiguswe mpaka kilipopoa chenyewe ndani ya jivu. Komora alikimiminia maji, kikayanywa. Akaweka tezo. Likauma.

Alichonga bila kupumzika, akamaliza maji yakiwa yamefika kwenye mizizi ya miti ya ukingoni. Siku ya kuushusha mtumbwi, Gumato alikuja na samli tena, kidogo, ndani ya kifuu. Esha alijifunga kanga mdomoni asicheke. Komora alikitia kinoo kibindoni, akamwonyesha omo, sehemu ya mbele ya mtumbwi.

"Paka hapa, Mama Halkano. Huyu ndiye mwenye njaa leo."

"Na jiwe?"

"Jiwe limeshiba."

Gumato alipaka kwa viganja vyote viwili, taratibu, akiomba dua kwa Kiorma. Komora na Esha walivuka, wakavuna mpaka maji yalipowafika vifundoni, wakarudi na mpunga wote. Kapu la kwanza lilikwenda kwa Gumato, na hakuambiwa kamwe habari ya kinoo. Wako watakaosema huo ni udanganyifu. Mimi niliyewafundisha watoto kusema kweli kwa muda mrefu nasema sivyo: mtu alitoa samli ya watoto wake, na aliyepewa alishukuru.