Bei Niliyoipunguza Mwenyewe

Ulikuwa msimu wa kahawa kuchanua pale Ruiru, na mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Mtu aliyekesha wodini haamini sana macho yake ikifika saa tatu asubuhi. Barabara ilikuwa kama inaelea kidogo, na harufu tamu ya yale maua meupe ilinifuata kutoka mashambani mpaka kwenye ngazi za ofisi ya wakala, juu ya duka la dawa za mifugo. Nilipanda nikishika ukuta.

Nilikuwa nimekwenda kujadili mshahara. Kwa miaka minne nilikuwa muuguzi wa kibarua, Thika wiki hii, Ruiru wiki ijayo, nikilipwa kwa zamu. Sasa wakala huyo, ambaye kazi yake ni kuwatafutia wauguzi mikataba ya mbali, alikuwa amenipatia nafasi ya miezi sita katika hospitali ya Lodwar, kule kaskazini kwenye ukame. Mkataba alinitumia kwa simu, nikausoma na mwenzangu wa wodini, mama mtu mzima aliyezizoea kazi hizo.

"Wachana na hiyo namba kubwa ya juu," aliniambia. "Hiyo ni ya kukufurahisha. Shuka chini. Nyumba ni ya nani? Nauli ya kurudi ni ya nani? Ukigonjeka, hizo siku zinalipwa?"

Tukashuka chini. Nauli ilikuwepo, siku za ugonjwa zilikuwepo. Nyumba haikuwepo. Kulikuwa na kitanda kimoja kwenye bweni la wafanyakazi.

Hapo ndipo shida yangu yote ilipolala. Nina binti, na wakati huo alikuwa na miaka sita. Bwenini watoto hawaruhusiwi. Bila pesa ya nyumba angebaki Thika na shosho yake, nami ningekuwa mama wa kwenye simu kwa nusu mwaka. Mama yangu angemlea vizuri, sina neno, ila mtoto mwenyewe alikuwa ameshawatangazia wenzake shuleni kwamba anahamia kwa ngamia. Mimi nami nilikuwa nimeshaiota hiyo nyumba. Vyumba viwili, sakafu ya simiti yenye ubaridi, yeye amelala chini kifudifudi na kitabu chake, mwanga mweupe unaingia mlangoni. Niliiota nikiwa macho, nikibadilisha dripu, nikingoja chai ichemke. Niliijua kuliko ile niliyokuwa nikilipia kodi.

Kwa hiyo nilikwenda na maneno yangu tayari: elfu kumi na tano za nyumba kila mwezi, la sivyo siendi.

Wakala alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, shati limenyooshwa pasi. Nilimwambia bei yangu. Hakukataa. Alivua miwani, akafumba macho, akaanza kujikanda juu ya nyusi kwa vidole viwili.

"Sista," alisema, "hawa watu wa Lodwar wananimaliza. Kichwa kinagonga tangu asubuhi."

Sasa sikia ujinga wangu. Muuguzi hawezi kukaa mbele ya mtu anayeumwa akaacha kufanya kitu. Nilimwuliza kama amekula. Nilimwuliza kama amekunywa maji. Nilishusha sauti, ile tunayomtulizia mtu kabla ya sindano, na kwa kuwa sikuwa na dawa ya kichwa mkobani, nikampa nilichokuwa nacho.

"Basi hata elfu kumi ni sawa," nilisema.

Akashusha pumzi, bado anajikanda.

"Hata tano."

Akashusha pumzi tena.

"Ama tuiache tu hiyo ya nyumba, tutaona huko mbele."

Akafungua macho, uso umetulia kabisa. Nami nilifurahi, Mungu wangu, nilifurahi kweli, kama nimeona homa ya mgonjwa ikishuka. Niliagana naye nikiwa nimeridhika na kazi yangu. Nilikuwa nimekaribia Thika ndipo usingizi uliponitoka kidogo, nikaelewa nilichokiuza.

Mchana ule nililala. Nikaota niko mlangoni pa ile nyumba, nabisha hodi, na anayenifungulia ni wakala, ameshika kichwa. Nilipoamka binti yangu alikuwa ametoka shule. Ameketi chini, anapanga ndala zake na penseli za rangi kwenye mfuko wa kwenda nao Lodwar. Mama yangu alikuwa akinitazama.

"Wamekupatia ya nyumba?"

"Nimeiacha."

"Umeiacha aje?"

"Alikuwa anaumwa na kichwa."

Mama alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akaacha kucheka, akamwonyesha mtoto kwa kidevu. "Na huyu ataumwa na nini?"

Nilikwenda bafuni, nikafungua mfereji, nikalia.

Mkataba ulikuwa bado haujatiwa sahihi. Kesho yake, siku yangu ya mapumziko, nilirudi Ruiru nikiwa na hasira ya kutosha wauguzi watatu. Nilimkuta vilevile, shati safi, vidole juu ya nyusi. Nikataja nyumba. Akafumba macho.

"Uko na mashine ya presha hapa?" nilimwuliza.

Ilikuwemo kabatini, ya kuwapima wauguzi kabla ya kuwasafirisha. Aliona nimefanya mzaha, akacheka, akakunja mkono wa shati. Mimi nilikuwa nimekuja kumfumania na uongo wake. Niliufunga mkanda mkononi mwake, ukajaa upepo, kisha ukaanza kulegea. Namba zikatulia. Nikampima tena mkono wa pili.

Hakuwa akidanganya.

Ile huruma ikarudi mbio. Niliona aibu, nikaona na hasira, vyote pamoja, na sikujua kipi nikitangulize.

"Ni mbaya?" aliuliza.

"Ni mia moja sabini na nane, chini ni mia moja na kumi," nilisema. "Iko juu sana. Umewahi kupewa dawa?"

"Nilipewa. Niliwacha."

"Uone daktari leo, si kesho. Na gari usiguse." Kisha, kwa sauti ileile, bila kupumzika, nikaendelea: "Nyumba ni vyumba viwili, elfu kumi na tano kila mwezi, na mtoto aandikwe kwenye mkataba."

Nikanyamaza. Niliikalia mikono yangu isije ikampapasa bega. Nje lori lilipita, madirisha yakatetema. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.

Alichukua kalamu, akaandika pembeni mwa karatasi, akanisukumia.

"Hiyo pesa imekuwako tangu mwanzo, sista," alisema akishusha mkono wa shati. "Ni vile watu huwa hawaing'ang'anii."

Nilitia sahihi. Kisha nikamshika mkono, maana zile ngazi ni kali, nikamteremsha polepole mpaka kliniki ya jirani. Njia nzima niliwawaza wauguzi waliopita kwenye kile kiti kabla yangu, waliomwuliza kama amekula, wakaenda kulala bwenini na kuwaacha watoto wao nyumbani.