Swali la Bibie

Fundi makochi hufanya kazi na misumari mdomoni. Anaibana kwa midomo, anausukuma mmoja kwa ulimi, anaupokea kwa vidole, anagonga. Mtu wa hivyo haongei. Mkewe alizoea kuwaambia wageni, "Msimshangae. Huyu hata akilala ana misumari mdomoni."

Mkewe alimwita Fundi. Yeye alimwita Bibie. Watoto walikwisha kujitegemea huko mbali, nyumbani wakabaki wao wawili na karakana ya uani.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja: ukishaleta kochi lako, usiulize. Mteja akichungulia na kusema, "Fundi, springi za ndani umeziangalia?" mzee aliweka nyundo chini. "Kama huniamini, kochi lako hilo. Libebe." Kwake, kumuuliza fundi kazi yake ilikuwa sawa na kumwita mwizi.

"Iko siku utanifukuza hata mimi," Bibie alimtania.

"Wewe uliza utakavyo. Ila usiulize kochi."

Basi Bibie akaanza kuchoka. Akifagia ua tu, anaishiwa pumzi, anakalia ndoo. Wakaenda hospitali. Akapigwa picha ya kifua, akatolewa damu, wakaingizwa kwa daktari. Daktari alikuwa kijana, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akaitazama picha.

"Kifua kisafi, mama. Upumzike, ule vizuri." Akaandika vidonge vya kuongeza nguvu.

Bibie hakunyanyuka. "Na ile damu, mwanangu? Imesemaje?"

Daktari alikwisha kugeukia mlango, anaita, "Mwingine!" Hakusikia, au alisikia nusu. Aliyesikia vizuri ni Fundi. Aibu ikamvaa mwili mzima, kana kwamba ni yeye aliyeulizwa habari za springi. Akamshika mkewe kiwiko, akakibana.

"Bibie, twende. Usimfundishe mtu kazi yake."

Bibie akamtazama. Kisha akainuka, wakatoka.

Walipokuja kwenda hospitali nyingine, Bibie alikuwa wa kubebwa. Daktari wa huko akaagiza majibu ya hospitali ya kwanza, akayasoma. Ugonjwa ulikuwa wa damu, na damu ilikwisha kusema tangu siku ile. Hakuna aliyeisikiliza.

"Mngeuliza tu," alisema. Hakusema kwa ubaya.

Bibie alikuwa macho pale kitandani. Alisikia. Hakugeuza uso kumtazama mumewe. Hilo ndilo lililomkaa mzee kooni kama mfupa. Angegeuka, angemtupia hata neno moja chungu, mzee angekuwa na la kujibu. Hakugeuka. Akafa hivyo, kwa upole wake uleule.

Waliokuja kuhani walimlaani daktari. Fundi alikaa kwenye mkeka, kimya. Wakasema ni majonzi. Yalikuwepo majonzi, kweli. Lakini mwenye majonzi matupu hulia, na yeye hakujiona ana haki ya kulia mbele za watu.

Akarudi kwenye makochi yake. Ndipo miguu ikaanza kuvimba.

Aliyeiona ni shemeji yake, mdogo wake Bibie, aliyekuwa akipita kumfulia.

"Shemeji, hiyo miguu umeijaza sponji mwenyewe au umempa fundi mwingine?"

"Uzee."

"Uzee gani unaoingia kwa miguu? Vaa viatu twende hospitali. Visipoingia, vaa ndala."

Shemeji hakuwa mtu wa kubishana naye. Wakaenda. Mlango ulikuwa uleule wa hospitali ya kwanza, na daktari yuleyule, sasa kavaa miwani. Hakumkumbuka mzee. Picha ya moyo ilipigwa, damu ikachukuliwa, shemeji akaenda kushika foleni kwenye dirisha la dawa. Fundi akaingia peke yake.

"Moyo uko vizuri, mzee," daktari alisema, picha mkononi. "Hii ni miguu ya mtu wa kusimama sana. Ukikaa, iinue juu ya mto."

Basi. Damu haikutajwa.

Swali likamjia, na likaja kwa sauti ya Bibie. Mzee akalimeza. Si kwamba alimwogopa daktari. Alijiambia: mwenzangu alitoka humu bila jibu, na mkono uliomtoa ni huu wangu. Nami nitoke hivyohivyo. Ndiyo haki. Akashukuru, akainuka, akafika mlangoni.

"Mwingine!" daktari akaita.

Mzee akasimama. Swali lile halikuwa lake. Lilikuwa la Bibie, na alikuwa anamnyamazisha mara ya pili.

"Daktari. Na ile damu?"

"Damu ipi, mzee?"

"Walinitoa damu. Imesemaje?"

Akangoja. Alijua kinachofuata. Alikuwa akikifanya mwenyewe maisha yake yote.

Daktari akageukia kompyuta, akabofya. "Aa. Samahani sana, mzee. Majibu yameshakuja, nilikuwa sijayafungua." Akasoma. Akavuta kiti. "Hebu rudi ukae."

Zilikuwa figo. Zimeanza kuchoka, alisema, ila hajachelewa. Kwa dawa na kupunguza chumvi zinaweza kumfikisha mbali. Akaandika upya.

"Umekasirika?" mzee akauliza.

"Kwa lipi?"

"Nilivyokuuliza."

Daktari akacheka. "Mzee wangu, ukiuliza unanisaidia mimi. Wengi hunyamaza."

Mzee akainamisha kichwa. Heri angefokewa. Angefokewa, angalau ingekuwa kweli kwamba kuuliza ni jambo zito, na kwamba alimkinga mkewe na kitu. Kumbe hapakuwa na kitu.

"Mke wangu alikaa kiti hiki," alisema.

"Hajambo?"

"Alishafariki."

"Pole sana, mzee." Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Mzee alifungua mdomo aseme mengine. Angemwambia nini? Wewe hukuangalia? Na mimi je? Akaufunga.

Nje, shemeji akamdaka. "Wamesemaje?"

"Figo. Daktari alikuwa hajaona. Nikamuuliza."

"Wewe? Umemuuliza daktari?" Akapiga makofi, watu wakageuka. "Haya, leo nimeona maajabu! Dada angekuwepo, angekusifu mpaka ukimbie."

"Usinisifu, shemeji."

"Kwa nini nisikusifu?"

Zamu yao ilifika. Akauliza dirishani kila kidonge ni cha nini, kinamezwa kabla ya chakula au baada, na kikimdhuru aende wapi. Foleni ikaguna nyuma yake. Akaendelea kuuliza. Mgawa dawa alijibu yote, taratibu, bila kununa, na kila jibu lilimchoma mzee kuliko lililotangulia.